Msukaji Asiyemaliza

Niliumba mungu nikiwa na miaka kumi na minane, na kazi yote haikuchukua muda mrefu kuliko kusonga ugali wa watu wanne. Sijivuni. Tangu hapo nimesoma mpaka chuo kikuu cha ng'ambo, nimeandika makala ambazo wahariri wamezikata mikia, na sijawahi tena kutunga kitu ambacho mtu alikiamini kwa moyo wake wote. Kile kimoja kilichoaminiwa nilikitunga nimesimama juu ya udongo wa kaburi, nimevaa shati langu pekee, na nilikitunga kwa mzaha.

Ilikuwa milimani, upande wa Kinole, miaka ya mwisho ya Mdachi, ingawa hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho. Mdachi alikuwa na boma lake huko chini Morogoro, na reli, na bendera. Sisi huku juu tulikuwa na jumbe aliyemwogopa akida, na akida aliyemwogopa kila mtu mwenye kofia. Mengine yote yalikuwa migomba, mahindi, ukungu na misiba.

Misiba ndiyo ilikuwa kazi ya ukoo wetu. Sisi na ukoo wa ng'ambo ya kijito ni watani, tangu zamani ambazo hata wazee walizisimulia kwa kukisia. Mtu akifa kwao, sisi ndio tunaochimba kaburi, tunaopika na kuamrisha. Na sisi ndio tunaomtukana marehemu mbele ya wafiwa, tukivaa nguo zake na kuiga alivyotembea na alivyokoroma. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Mtani akikuambia umezaliwa na nyani, unaitikia. Lolote atakalosema ni utani, na utani haushikwi. Siku ya msiba wetu ikifika, wao nao wanakuja kutufanyia vivyo hivyo. Kusudi la kelele zote hizo ni moja tu: mfiwa acheke, maana akishacheka atakubali kula.

Bingwa wa utani kwetu alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Siku alipofariki mzee mmoja wa ng'ambo ya kijito, mjomba alikuwa na kikohozi kilichomnyang'anya ile sauti. Akanisukuma mbele.

"Wewe si ndiye msomi," alininong'oneza. "Nenda ukamchekeshe mjane. Hajatia kitu kinywani tangu juzi."

Usomi wangu ulikuwa wa miaka minne ya shule ya misheni, ambako nilikuwa nimeanza kuwafundisha wadogo alfabeti. Nilipanda juu ya udongo, nikawatazama watu, na kila tusi nililolijua likanikimbia. Mjane alikuwa ameketi juu ya mkeka aliokuwa akiusuka mwenyewe mumewe alipozidiwa. Alikuwa ameuacha kabla ya kupinda pindo, na ncha za ukindu zilikuwa zimetoka pembeni kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Nikaukazia macho mkeka ule kwa sababu sikuthubutu kumkazia macho mwenyewe.

"Enyi watumwa wetu," nilianza, "mnalia nini? Hamjui mlikotoka. Sisi Msukaji alituumba asubuhi. Aliamka, akaloweka ukindu, akatusuka, akatushona, akatupinda pindo. Tazameni tulivyonyooka. Ninyi aliwafikia jioni, mgongo unamuuma, ukindu umebaki wa kuungaunga. Alipofika kwenye pindo, giza likaingia, akasema, hawa nitawamalizia kesho. Ndiyo maana mnafumuka. Huyu mzee alianza kufumuka meno, akafumuka nywele, akaja kufumuka akili, mnajua wenyewe."

Watu wakaanza kucheka. Kaka wa marehemu, naye akiwa amefumuka meno vya kutosha, akaniuliza, "Na huyo Msukaji wenu atakuja kumalizia lini?"

"Ameshaanza. Anawaita mmojammoja. Mnadhani huyu amekufa? Ameitwa akapindwe pindo. Akimaliza atawarudishia. Ila watakuja wazuri mno, hamtawatambua. Mtawafungulia mbwa mkidhani ni wageni."

Mjane akacheka. Alicheka kwa mshtuko, kama mtu aliyemwagiwa maji, akajifunika uso kwa upande wa kaniki, na mabega yakaendelea kutikisika. Wanawake wetu hawakungoja. Walimletea ugali na kisamvu, akala. Mjomba akanipiga begani. Nilishuka kutoka kwenye lile tuta nikijiona nimekuwa mtu.

Ingeishia pale, kama mizaha mingine inavyoishia. Lakini watu wa ng'ambo ya kijito walimpenda Msukaji. Mtu akijikwaa njiani, mwenzake anamwambia, "Pindo hilo." Mtoto akichelewa kuota meno, bibi yake anasema upande huo hakusukwa vizuri. Nikikutana nao gulioni wananiuliza maswali, na mimi, badala ya kusema basi, nilijibu. Anakaa wapi? Nyuma ya kilele, pale wingu linapolala. Ana macho? Hana, anasuka kwa kupapasa, ndiyo maana kuna mapacha wasiofanana. Ana mke? Anaye, ndiye anayeloweka ukindu, na maji anayomwaga ndiyo mvua yetu. Na yeye mwenyewe aliumbwa na nani? Hapo nilikwama kidogo, kisha nikasema alijisuka, akaanzia vidole. Mpaka leo naona lile lilikuwa jibu zuri. Padri wetu alikuwa na vitabu vitatu vinene juu ya swali lilo hilo, na hakuwahi kunipa jibu lililonitosheleza hivyo.

Sikuwa nimemwacha Mwenyezi Mungu. Nilisali asubuhi na jioni kama kawaida. Msukaji alikuwa wa ng'ambo ya kijito. Nilimhesabu kama mbuzi wangu niliyemwacha akilishwa kwa watani.

Kisha wanawake wa ukoo ule wakaanza kuacha kipande cha pindo bila kupinda, upana wa kidole, kwenye kila mkeka waliousuka. Mwanzoni walicheka wakifanya hivyo. Baadaye waliacha kucheka, lakini pindo wakaendelea kuliacha. Miaka mingi baadaye niliikuta mikeka hiyo inauzwa Mwembesongo, mjini Morogoro. Nikamwuliza muuzaji, msichana mdogo tu, kwa nini pembe ile haikumalizwa.

"Ndivyo inavyokuwa, baba," alisema, na akanitazama kama mtu anayetafuta kupunguziwa bei.

Na kule chuoni ng'ambo, profesa mmoja alinionyesha mkeka wa namna hiyo ndani ya kabati la kioo, akanieleza maana yake kwa robo saa nzima, mikono nyuma. Nilitikisa kichwa kwa heshima, nikamshukuru kwa kunielimisha.

Lakini nimeruka mbele, kama kawaida yangu nikifika karibu na jambo nisilolipenda.

Mjane yule alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, rika langu. Tulitukanana tangu tulipoweza kusema, na sikuwa na rafiki mwingine wa kweli. Vita vya Wazungu vilipoanza, lilikuja agizo la wapagazi. Jumbe alitafuta watu, na watu walipoanza kuhamia porini, askari walipanda wenyewe. Mimi niliachwa kwa sababu padri aliandika barua kwamba ni mwalimu. Rafiki yangu hakuwa na mtu wa kumwandikia. Alishushwa mlima na wenzake tisa, wamefungwa kamba moja, na walipopita mbele ya shule nilikuwa nimesimama mlangoni na chaki mkononi.

"Nikirudi nitakukuta umenenepa kama nguruwe wa padri," alinipigia kelele.

Kamba ilikuwa shingoni mwake, mama yake alikuwa anamfuata nyuma, na desturi inataka mtani ajibu. "Nenda ukapindwe pindo, mtumwa wangu," nilimjibu.

Wote walicheka, hata wale waliofungwa. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Mwaka ulizunguka. Mpagazi mmoja wa kijiji cha pili alirudi na mguu ulioanza kuoza. Akasema alimwona mwenzetu kule kaskazini, njia ya Handeni, amelala kando ya njia, kuhara damu kumemmaliza, na msafara ukapita. Wazee wa ukoo wake wakamwendea mama yake ili matanga yawekwe. Akawauliza nani amefariki.

"Ameitwa akamalizwe," aliwaambia. "Mtani mwenyewe alimwambia siku anaondoka. Hamkusikia?"

Hakulia. Hakunyoa nywele. Alianza kupika. Kila mwanamume aliyepanda njia ile, awe mchuuzi wa chumvi au mtu anayekwenda kutazama wakwe, alimwita ndani, akamtazama sana usoni, akamlisha. Nilikuwa nimesema hawatatambulika. Basi hakutaka kukosea. Asingekubali kumfukuza mwanawe akidhani ni mgeni.

Wakati wa heri, jambo hilo lingekuwa wema tu. Lakini askari walikuwa wamechukua mbuzi na mahindi ya kila ghala, na kwake kilichobaki kilikuwa mahindi ya mbegu, yaliyofungwa majani kwa majani na kuning'inizwa juu ya mafiga ili moshi uyalinde na fukusi. Alikuwa ameanza kuyapukuchua. Mwenyewe alikula makombo, na mikono yake ilikuwa imekonda mpaka bangili za shaba zinapanda na kushuka kama mali ya mtu mwingine. Yale mahindi yakiisha hatakuwa na cha kupanda, na mwaka ule mtu asiyepanda hakuwa na wa kumwomba.

Mjomba aliniita.

"Mpwa wangu, yule mama atakufa kwa ajili ya maneno yako."

"Yalikuwa utani, mjomba."

"Najua. Nenda ukamwambie."

Nikavuka kijito. Nilimkuta kwake ameketi karibu na moto, na gunzi la hindi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umekuja kuiba nini?"

"Nimekuja kusema kweli."

"Hilo jipya. Kaa basi."

Nikakaa. Nikamweleza yote bila kupamba: kwamba siku ile nilikosa la kusema, nikauona mkeka wake, nikatunga. Kwamba hakuna Msukaji, hajawahi kuwapo.

"Hayupo," alirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Na mkewe?"

"Naye hayupo."

"Maskini. Sasa ni nani anatumwagia maji hivi?" Nje kulikuwa na rasharasha. Akatabasamu.

"Mama, naapa kwa Mungu."

"Yupi?"

"Mwanao amefariki, mama. Ameonekana kwa macho."

"Kweli wewe huna adabu," alisema kwa upole, na hiyo kwa mtani ni sifa. "Baba yako mzazi hakuwa hodari hivi. Siku ya kumzika mume wangu ulinichekesha, leo umekuja kunichekesha tena. Usichoke."

Hapo ndipo nilipoelewa nilipokwama. Nilichokisema kwa mzaha amekishika, na ninachokisema kwa kweli anakicheka, maana kwa desturi yetu mimi kwake sina mdomo wa kusemea kweli. Angeambiwa na askari angeamini, au hata na jumbe, ambaye hakuna aliyemwamini. Nilinyanyua mikono, nikapandisha sauti, nikakaribia kulia, na kadiri nilivyozidi ndivyo alivyozidi kufurahi kwa jinsi ninavyoigiza.

Kisha akanisongea ugali. Mtani hakatai chakula cha mtani. Akikataa amevunja utani, na utani ukivunjika maneno yote ya nyuma yanageuka kuwa uadui. Nikala mbegu zake. Nilikula nikiwa na njaa, na ndilo jambo ambalo ningependa kulisahau kwanza kama ningepewa kuchagua.

Wiki mbili baadaye akapanda mgeni. Alikuwa mrefu, mifupa mitupu, amevaa gunia, utosini ana upara wa mviringo pale mizigo ilipokuwa ikikaa. Alikuwa mpagazi aliyetoroka jeshini. Kumficha mtu wa namna hiyo adhabu yake ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya kuhesabiwa kwa sauti, na nyumba kutiwa moto. Mama yule alimkalisha mlangoni, akamtoa funza miguuni kwa mwiba, akamwita kwa jina la mwanawe.

Nilipofika, mgeni alikuwa anakula.

"Huyu ndiye?" niliuliza.

"Ndiye."

"Amerefuka."

"Ulisema hatutawatambua."

"Mama, hajui hata neno moja la Kiluguru."

"Amesahau. Ulitaka arudi na kila kitu?"

Mama alipotoka kuchota maji, mgeni alisogea karibu yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha njia za misafara. Kwao kulikuwa ziwani, mbali kupita Tabora, na hakuwa mtani wa mtu yeyote kwetu.

"Mwalimu," alisema, "huyu mama ananiita jina la mtu. Niitike au nisiitike?"

"Mpaka sasa umefanyaje?"

"Nimeitika. Nilikuwa na njaa."

"Utaondoka lini?"

"Miguu ikipona. Lakini nyuma yangu wako wengi. Jeshi linarudi lote huku, na watu wanachomoka kila siku." Alitazama juu ya mafiga, kwenye mahindi yaliyobaki. "Akiwaita wote, haya hayafiki wiki."

Nilirudi kwa mjomba nikamweleza. Kikohozi chake hakikuwa kimepona, na tangu siku ile hakikupona kamwe. Alifikiri sana.

"Maneno yako yule mama hayaamini kwa kuwa ni yako," alisema. "Basi usimpe maneno yako. Tutaweka msiba. Watani hawaombi ruhusa."

Mtu akifa mbali na mwili usionekane, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Asubuhi iliyofuata tulivuka kijito, watu kama ishirini, na majembe, na shina la mgomba lililokatwa urefu wa mtu na kufungwa ndani ya mkeka. Wanawake wetu waliingia kwa mama yule wakachukua jiko, na mmoja akayashusha mahindi yaliyobaki akayakalia. Wanaume wakaanza kuchimba karibu na kaburi la baba wa rafiki yangu. Mama alisimama kwenye kivuli cha paa, mgeni yuko nyuma yake, na alitutazama kwa subira, kama mtu anayetazama watoto wa jirani wakicheza kwenye ua wake.

Mjomba akanipa shati la rafiki yangu, lile aliloliacha ukutani. "Vaa," alisema.

Nilijua cha kufanya. Rafiki yangu alikuwa akitembea bega la kushoto limetangulia, kama anayepita mlango mwembamba, na kabla ya kusema aliguna kidogo, kama vile maneno yote yalikuwa mzigo wa kujitwisha. Nilimwiga mbele yake mara mia, akanitupia mawe. Sasa nikaanzia mwisho wa ua nikaja nikitembea hivyo kuelekea kaburini. Hatua za kwanza watu walicheka. Nilipofika katikati, mmoja wa wachimbaji aliweka jembe chini. Nilikuwa nafanya vizuri mno. Shati lilikuwa na harufu yake, moshi na jasho, na kuna mahali pale uani ambapo sikujua tena kama bega lile nalisukuma mimi.

Nikasimama mbele ya mama yake. Nikaguna.

"Mama," nilisema, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Sikuitafuta, ilitoka tu.

Hakucheka. Aliacha kunitazama usoni, akalitazama shati.

"Ulifika wapi?" aliliuliza.

"Handeni, mama."

"Uliumwa?"

"Tumbo."

"Muda mrefu?"

"Siku nne." Sijui nilizitoa wapi siku nne.

Nilisikia maji ya kijito, ambayo kwa kawaida huwezi kuyasikia kutoka pale.

"Walikuacha peke yako?"

Nilifungua mdomo. Mimi niliyemjua Msukaji mpaka vidole vyake, niliyekuwa na jibu kwa kila mtu gulioni, nilitafuta neno moja la kumpa yule mama na sikulipata. Nilimwona rafiki yangu kando ya njia na miguu ya watu ikipita. Kama ningesema hapana, nilijua atacheka, na akicheka tutamzika na yeye kabla ya mavuno. Kama ningesema ndiyo, sikujua.

Aliyejibu alikuwa mgeni.

"Hawaachwi hivyo hivyo, mama," alisema kutoka nyuma yake. Alisema polepole, anatafuta maneno ya Kiswahili. "Mtu akianguka, wenzake wanamtoa njiani. Wanamlaza kivulini, wanamwachia maji kwenye kibuyu. Wanamgeuza uso utazame upande wa kwao. Mimi nimewageuza wengi."

Mama akageuka, akamtazama kama anamwona mara ya kwanza: upara wa utosini, gunia, vidonda.

"Wewe nani alikuzaa?"

"Mama mmoja, ziwani."

"Yuko hai?"

"Nilimwacha hai."

"Anapika?"

Mgeni hakuelewa swali, lakini alijibu. "Anapika."

Mama yule akakaa chini pale pale, kwenye udongo mbichi, akafungua kilemba. Kilio kilianzia chini sana, nikadhani ni mtu mwingine analia ndani ya nyumba. Kilipopanda, wanawake wa ukoo wake, waliokuwa wakingoja tangu habari ile ifike, walikipokea kutoka kila upande wa ua. Tulilishusha shina la mgomba. Mjomba alitupa udongo wa kwanza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na tusi.

Aliyevaa nguo za marehemu lazima aoge kwenye maji yanayokwenda. Nilishuka kijitoni, mgeni akanifuata kuosha vidonda vyake. Tulikaa juu ya mawe, miguu majini. Huko juu kilio kilikuwa kinaendelea, sasa kwa utaratibu wake, zamu kwa zamu.

"Ni kweli?" nilimwuliza. "Mnawageuza?"

Alikuwa anasugua kisigino kwa mchanga, na hakuacha.

"Tulikuwa na masanduku ya risasi kichwani," alisema. "Nyuma kuna askari na kiboko. Nani angeinama?"

Nilitaka kumwuliza kama aliwahi kupita njia ya Handeni, mwezi fulani, na kama alimwona kijana mmoja. Aliniona nataka kuuliza, akachota maji akajimwagia kichwani, na akaendelea kujimwagia mpaka nikaliacha swali.

Tuliporudi, mama alikuwa ameshanyolewa. Alikuwa ameketi katikati ya wanawake na bakuli la uji mikononi, bangili zimeteremka mpaka viganjani, na alikuwa anakunywa kidogo kidogo kwa sababu tumbo lake lilikuwa limesahau kazi. Mahindi yaliyookolewa yalikuwa kumi na manne. Yalirudishwa juu ya mafiga.

Mvua za vuli zilipofika, Mdachi alikuwa ameshapita kwenye mabonde yetu akikimbia, na bendera nyingine ilikuwa juu ya boma la Morogoro. Mgeni alimchimbia mashimo, mama akadondosha mbegu tatu tatu, akafukia kwa unyayo. Mahindi yalipofika magotini, mgeni aliaga. Mama alimsindikiza mpaka kijitoni, akasimama mpaka gunia lilipopotea kwenye kona, akarudi nyumbani na kupika chakula cha mtu mmoja.